Bajeti Niliyomwandikia Mama Kendi

Huu ni mwezi wangu wa tatu tangu nistaafu. Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa ofisi ya chama chetu cha akiba na mikopo mliniomba niwaandikie namna nilivyokuwa nikiketi na mwanachama mpaka tunapata bajeti ya mwezi inayoshika. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Poleni. Nilipoanza kuuandika nilijikuta nikikumbuka watu, na watu hawatoshi ukutani. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wangu mnaujua vizuri, maana ninyi ndio mliokuwa mkiukata mikopo.

Nilianzia tawi letu dogo la Kianjokoma, huko Embu, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Nilikuwa na cheti cha uhasibu, viatu vipya vilivyonibana, na imani kwamba pesa ni hesabu tu. Mkuu wa tawi alikuwa Bwana Nyaga, mtu wa pumu na maneno machache, ambaye siku za baridi alivaa sweta ya shule ya mwanawe na hakujali nani anacheka. Kulikuwa na baridi karibu kila siku.

Mwanachama wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Ireri. Alikuja na tai, viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Alitaka mkopo wa kununua ng'ombe. Nikachukua karatasi yake ya mshahara, nikashuka na macho mpaka mstari wa mwisho. Ilisema kwamba baada ya makato yote, mwalimu alipeleka nyumbani shilingi elfu moja mia moja na arobaini. Nikarudia kusoma. Nikadhani mashine imekula tarakimu moja. Nikaenda kwa Bwana Nyaga mbio.

"Huyu mtu ana watoto wanne," nikamnong'oneza. "Anaishi vipi?"

"Kwani mimi naishi naye? Rudi umuulize."

"Nimemuuliza anatumia ngapi kwa mwezi. Anasema elfu kumi na nane."

Bwana Nyaga akaja mwenyewe, akavuta kiti. Hakugusa ile karatasi. "Mwalimu," akasema, "jana mlikula nini?"

"Githeri. Na chai."

"Maziwa ya chai yalitoka wapi?"

Mwalimu akajibu kwamba mkewe ana ng'ombe wawili, anauza maziwa kwenye hoteli za sokoni na mayai kwa majirani. Hakuiandika kwa sababu hiyo ilikuwa pesa ya mama. Familia nzima ilikuwa ikila pesa ambayo baba hakuihesabu kuwa pesa. Bwana Nyaga akafunga faili, akamwomba arudi Jumatatu pamoja na mkewe. Walipokuja, huyo mama alijua bei ya kila kitu kilichoingia nyumbani kwake mwaka mzima, na hakutaka ng'ombe mwingine kabisa. Alitaka tangi la maji.

Kutoka siku hiyo Bwana Nyaga alinifundisha kazi kwa utaratibu wake. Kwanza, andika mwezi uliopita. Mwezi ujao haujui kitu. Ukimuuliza mtu atatumia nini, atakuambia angependa kuwa mtu wa namna gani. Muulize wiki iliyopita, siku kwa siku, akianzia jana na kurudi nyuma. Pili, tumia penseli. Wino unamtisha mtu. Anaona aibu yake imekauka kwenye karatasi. Tatu, kwa mkulima wa chai usigawanye mapato ya mwaka kwa kumi na mbili. Tafuta mwezi wake mbaya kuliko yote, umjengee maisha juu ya huo, na bonasi, malipo ya mwaka ya kiwanda cha chai, ikija iwe na kazi yake, ada au paa, kabla haijafika mkononi. Mtu akiingojea bonasi bila kuipangia kazi, huwa ameshaikula tangu mwezi wa pili, kwa deni la dukani.

Na kulikuwa na mstari wa "mengineyo". Kwa miaka yote niliyofanya kazi Embu, sikuwahi kuona mwanamume hata mmoja aliyeandika muguka, yale majani ya kutafuna, kwenye bajeti yake. Wote waliandika mengineyo. Nilikaa na mzee mmoja ambaye mengineyo yake yalizidi chakula cha nyumba nzima, na jani lenyewe lilikuwa limemtokeza mdomoni tukizungumza. Tulipojumlisha kwa mwezi, yeye alishtuka kuliko mimi. Alilitema pale pale, kwenye chungu cha maua cha ofisi.

Miaka kumi baadaye nikahamishiwa Meru, tawi la karibu na soko la Gakoromone. Mume wangu, Njeru, alibaki nyumbani kwetu nje ya mji wa Embu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya maabara ya shule ya upili na uhamisho wake haukuja. Nilikuwa nikirudi wikendi. Bwana Nyaga alikuwa ameshastaafu. Na Meru nilikuta kompyuta.

Nawaeleza kuhusu kompyuta hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyeipenda kuliko wote. Ilikuwa na fomu ya bajeti yenye mistari saba: kodi, chakula, shule, usafiri, ada ya biashara, mkopo, akiba. Ukijaza tarakimu, inajumlisha yenyewe, na chini kabisa ikitokea sifuri, kisanduku kinageuka kijani. Niliitafuta kijani hiyo kama mtu anavyotafuta maji. Daftari langu la miraba, nililoandikia kwa penseli tangu Kianjokoma, nikalitia droo ya chini. Nilijiambia siku za kuuliza watu walikula nini jana zimepita.

Hapo ndipo Mama Kendi akaja. Alikuwa na kibanda cha viazi na kabeji pale Gakoromone, mjane, mwanawe mmoja tu, Kendi, akiwa chuoni. Mwanamke mrefu, mikono yenye nguvu, aliyeweza kuinua gunia akiendelea kubishana bei. Alinisalimia kwa Kimeru, "Muga, madam," nikamjibu kwa Kiembu, tukacheka wote wawili, tukahamia Kiswahili. Alikuwa amechelewesha mkopo miezi miwili na alikuwa na hofu ya kupoteza kibanda.

Nikamfungulia ile fomu. Alisema anabaki na elfu ishirini na nne kwa mwezi. Tukajaza. Kwenye mkopo nikaweka elfu saba mia nne, ili umalizike katika mwaka mmoja. Kwenye akiba nikaweka elfu moja. Chini kabisa, sifuri. Kijani.

"Una gharama nyingine?" nikamuuliza, macho yangu yakiwa kwenye kioo.

"Hapana, madam."

"Basi shika hii. Na nikwambie kitu, mama. Kitu ambacho hakina mstari hapa, usikitolee shilingi. Hata moja."

Nikamchapia. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Alilipa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, siku ile ile, hata kabla ya saa nne asubuhi. Katika mkutano wa wanachama nilimsimamisha mbele ya watu apigiwe makofi. Nilisema, "Mnaona? Ni nidhamu tu." Alitabasamu akitazama chini. Niliona amekonda, nikafikiri ni kazi nyingi.

Siku chache baada ya malipo ya nne, jirani yake wa kibanda, Karimi, mwuza nyanya, aliingia ofisini na aproni, hakupiga hata hodi. "Madam Wawira, Mama Kendi ameanguka. Mdomo umeenda upande."

Sijui kwa nini alikuja kwangu. Nilipomuuliza baadaye alisema kwamba Mama Kendi alikuwa akinitaja sana.

Nilimkuta wodini amelala, jicho moja halifumbi vizuri, mkono wa kushoto umewekwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Muuguzi alikuwa akiuliza dawa za presha alizokuwa akimeza. Ndipo nikajua kwamba ana presha. Miaka sita alikuwa nayo.

"Ulizimeza mara ya mwisho lini, mama?" muuguzi akauliza.

Mama Kendi akapapasa kifuani kwa mkono wa kulia. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho hadi kingo zimeanza kupasuka. Akanipa mimi, si muuguzi. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini niliyasikia yote.

"Dawa haikuwa na mstari."

Nilisimama pale na karatasi yangu mkononi. Nakumbuka nilianza kusoma ile karatasi kutoka juu kama mtu anayetarajia kwamba mstari huo utakuwa umejitokeza wenyewe: kodi, chakula, shule, usafiri. Muuguzi aliniangalia, akaangalia karatasi, akaona jina la ofisi yetu juu yake. Akarudi kuandika kwenye faili. Afadhali angenigombeza.

Kendi alifika jioni kutoka chuoni. Karimi alikuwa amemweleza. Alisimama mbele yangu kwenye korido, msichana wa miaka ishirini, mrefu kama mamake.

"Wewe ndiye madam wa bajeti?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mwezi uliopita nilimwambia anunue dawa nikamtumia mia tano yangu. Akanirudishia. Akasema madam amekataza." Akafuta uso. "Mimi nilidhani madam ni daktari."

Meneja wangu wa wakati huo aliniita, akafunga mlango, akaniambia nisijitie hatia. Mwanachama aliulizwa gharama nyingine, akasema hapana, na sahihi yake ipo. Kisheria alikuwa sawa. Nilimsikiliza, nikashangaa kwamba ningeweza kabisa kukubaliana naye, kwamba kuna sehemu yangu iliyokuwa tayari imeanza kukubali. Hilo lilinitisha kuliko wodi.

Mama Kendi aliporuhusiwa kwenda nyumbani, nilimtembelea. Nikamuuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwa nini hakunitajia dawa.

Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Madam, nani anamwongezea mgonjwa muda wa mkopo? Ningesema nina presha, ungeandika. Ungesema huyu atakufa na pesa zetu." Akapumzika kidogo. "Nilitaka unione mtu wa maana."

Ni hapo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya miaka yote tangu kompyuta ije. Nilikuwa nikikaa upande wa pili wa meza, na mkopo mkononi, nikimwomba mtu aseme ukweli ambao ungemnyima huo mkopo. Kisha nikishangilia uwongo ulipokuwa na jumla nzuri.

Nikaenda droo ya chini nikatoa daftari. Mama Kendi aliporudi kibandani, Kendi akimsaidia wakati wa likizo, niliomba siku moja ya ruhusa nikakaa nao sokoni kuanzia malori ya viazi yanaposhusha hadi vibanda vinapofunikwa. Sikuuliza chochote kuhusu mwezi. Niliandika tu kila kilichotoka mkononi mwake. Mpagazi wa magunia, na chai ya mpagazi, kwa sababu asiponyweshwa chai kesho analipeleka gunia kwa mwingine. Matanga ya jirani. Chama cha akina mama wa soko. Simu ya kuuliza bei kwa wakulima. Viazi vilivyooza chini ya gunia, ambavyo hakuna aliyewahi kuvihesabu. Wiki nzima iliyofuata Kendi aliendelea kuandika peke yake, kwa penseli.

Tulipomaliza tulikaa chini. Mapato hayakuwa elfu ishirini na nne. Yalikuwa ishirini na tatu, miezi ya kawaida, ukitoa viazi vilivyooza. Tukaweka kodi, chakula, shule, usafiri na ada ya biashara, jumla elfu kumi na tano mia sita, kama mwanzo. Halafu dawa elfu moja mia nane. Wapagazi elfu moja mia mbili. Kanisa na matanga mia nane. Chama mia sita. Simu mia nne. Kilichobaki cha mkopo kilikuwa elfu mbili mia sita. Akiba hakuna. Mimi nilikuwa nimemtoza elfu saba mia nne, na tofauti hiyo aliitoa mwilini mwake.

Niliyapeleka mahesabu hayo kwa kamati ya mikopo, nikaomba miezi minane iliyobaki iwe ishirini na sita. Mwenyekiti, Bwana Kinoti, mkulima mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alipiga meza.

"Madam, tukifanya hivi kila mtu atataka! Unataka tuwafundishe watu kulipa polepole?"

Nikaweka mezani ile karatasi ya kwanza, ile iliyotoka kifuani. Nikawaeleza ilikuwa wapi na kwa nini imepasuka. Nikawaambia jina lililo chini yake ni langu. Bwana Kinoti aliishika, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mke wangu pia ana presha," hatimaye akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Sijui dawa zake ni pesa ngapi."

Walikubali. Mama Kendi alilipa miezi yote ishirini na sita, mara mbili tu akichelewa. Lakini mkono wa kushoto haukurudi. Hawezi kuinua gunia tena. Analipia mpagazi wa ziada, na hiyo nayo ina mstari wake. Watu wakiniambia mambo yaliisha vizuri, huwa nauona ule mkono. Yeye husema hana kinyongo na mimi, na naamini. Bado hilo halinipunguzii kitu.

Kwa hiyo, mnaouliza utaratibu: mwezi uliopita kwanza, siku kwa siku. Mwezi mbaya ndio msingi. Dawa, matanga na viazi vilivyooza ni gharama, si bahati mbaya. Mwambieni mtu mkopo umeshapita au haujapita kabla hajaanza kueleza maisha yake, ili asiwe na sababu ya kujipamba. Na kisanduku kikigeuka kijani mara ya kwanza, anzeni upya.

Ningemalizia hapo, lakini mwezi wa kwanza wa kustaafu ulinijia na jambo ambalo ningeona haya kulificha baada ya kuwaandikia haya yote.

Mimi ndiye ambaye nimekuwa nikiandika bajeti ya nyumba yetu tangu tuoane. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya kanisa, humsomea Njeru, naye huitikia. Safari hii kipato changu kilikuwa kimepungua, kwa hiyo nikaanza kukata. Nikafika mstari wa nauli yake, elfu tatu.

"Hapa tutapunguza," nikasema. "Wewe husafiri kwa baiskeli. Miaka minne sasa. Hii nauli inaenda wapi?"

Njeru aliweka kikombe chini. Si mtu wa kuficha uso, na uso wake uliniogopesha. Nilifikiria mwanamke. Nakiri.

"Inaenda Kibugu," akasema. "Kwa Murage."

Murage ni kakangu mdogo. Ana chai kidogo huko juu karibu na msitu, na bintiye alikuwa akisomea uuguzi. Mwaka huu angemaliza. Njeru alikuwa akimtumia elfu tatu kila mwezi ya karo, kwa miaka minne, na kwenda kazini kwa baiskeli, kilomita saba, mvua na jua, mtu wa miaka hamsini na saba. Nami nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mume wangu anapenda mazoezi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alikuomba wewe kwanza," akasema. "Umesahau? Alikuja Meru, ofisini kwako."

Nilikuwa nimesahau. Nikakumbuka polepole, kipande kwa kipande: Murage na koti lake la kanisa, amekaa upande wa pili wa meza yangu. Ilikuwa miaka mingi baada ya Mama Kendi, wakati nilipokuwa nikifundisha wengine namna ya kusikiliza. Alikuwa ameomba elfu kumi. Sikumpa. Nilimpa ushauri na karatasi ya bajeti.

Njeru akanyoosha mkono, akachukua penseli. Pale palipoandikwa nauli akafuta, akaandika, kwa mwandiko wake mbaya wa maabara: Murage, karo, elfu tatu. Mimi nikajumlisha. Jumla ilikataa. Pengo hilo tukaliacha hivyo, bila kukata popote.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Kibugu. Murage alikuwa kwenye kituo cha kupimia chai na kikapu mgongoni. Aliponiona alitoka kwenye foleni, akaja akifuta mikono kwenye suruali, na kabla hata ya kunisalimia akasema:

"Dada, hizo pesa nitazirudisha. Nipe tu mpaka bonasi."

Alidhani nimekuja kudai. Watu wa foleni walikuwa wakitutazama. Nilimtua kikapu, nikakishika upande mmoja, naye akakishika upande wa pili, tukarudi kwenye foleni, nikangoja naye mpaka chai yake ikapimwa.